Riale moja ni pesa ngapi? Kununua, kupima na kucheza ngoma Unguja mjini, 1890–1901

Chukua sentensi kama hii: "Mchele pishi kumi, riale mbili kasa robo, hadi mwezi sita." Kwa msomaji wa leo ni bei tu. Kwa mwenye duka wa Unguja mjini katika miaka ya 1890 hapo hapajasemwa kitu bado. Riale ipi, ya daftarini au ya mkononi? Pishi ya tele au ya mfuto? Riale mbili kasa robo ni moja na robo tatu, hilo halina ugomvi, lakini zitalipwa kwa rupia au kwa pesa? Na huo mwezi sita ni wa nani? Mji mzima uliishi ndani ya maswali haya, na aliyejua kuyauliza alikula vizuri zaidi ya asiyejua, hata kama bei waliyotajiwa ilikuwa moja.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Sultani alibaki na kiti na bendera, ila hazina ilipita mikononi mwa Waingereza, na kuanzia 1891 serikali iliongozwa na Lloyd Mathews, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani. Mwaka 1892 bandari ilitangazwa kuwa huru ili bidhaa zisikimbilie pwani ya Wajerumani. Yote hayo hayakumfikia muuza mchele wa Sokomuhogo kwa namna ya vipimo vipya. Hakuna aliyefuta riale alipoileta rupia, wala aliyefuta mkono alipoileta yadi. Kila mfumo uliongezwa juu ya uliokuwapo, mtindo wa mkeka juu ya mkeka.

Sarafu tatu, hesabu moja

Riale ni sarafu ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki 1780. Baada ya kifo chake sarafu iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa yoyote iliyoonekana tofauti. Unguja waliiita fedha ya Sham, wakiitenga na riale ya mzinga, yaani ile ya Kihispania yenye nguzo mbili zilizofanana na mizinga. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha halisi iliyomo ni kama gramu 23.4. Aliyeipokea aliangalia shanga za kito kilicho begani mwa malkia na herufi S.F. chini ya sanamu yake. Zikiwa zimesagika, sarafu ilirudishwa au ilipokelewa kwa pungufu.

Rupia ya India ilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, kisha meli za barua na mishahara ya serikali zikaikita mizizi. Rupia moja ni ana 16, ana moja ni pesa 4, kwa hiyo rupia ni pesa 64. Kiwango kilichozoeleka vitabuni kilikuwa riale moja kwa rupia 2 na ana 2. Kwa mtu wa sokoni, hizo ni ana 34, sawa na pesa 136.

Kiwango hicho hakikutoka hewani. Rupia ina gramu 10.7 za fedha halisi. Gawanya 23.4 kwa 10.7 utapata karibu 2.19, na tofauti na 2.125 ni ndogo. Maadamu sarafu zote mbili zilikuwa na thamani ya fedha iliyomo ndani yake, mizani ilikaa sawa. Kilichovuruga ni mwaka 1893. Bei ya fedha duniani ilikuwa ikiporomoka tangu miaka ya 1870, na rupia, iliyowahi kukaribia shilingi 2 za Kiingereza, ilikuwa ikishuka nayo. Serikali ya India ikafunga viwanda vyake vya kupiga sarafu kwa watu binafsi, hata ukipeleka fedha yako hugeuziwi kuwa rupia. Rupia zikawa adimu, zikapanda, na mwishoni mwa muongo zikatulia kwenye shilingi 1 na peni 4, yaani rupia 15 kwa pauni. Riale haikuwa na mlinzi. Iliendelea kushuka pamoja na madini yake.

Hapo ndipo riale ilipogawanyika mbili. Riale ya daftari, yenye rupia 2 na ana 2, ilikuwa na thamani ya shilingi 2 na peni 10. Fedha iliyomo ndani ya riale ya mkononi, kwa bei ya London ya 1899, haikuzidi shilingi 1 na peni 10 au karibu na hapo. Shilingi nzima imepotea katikati! Mdai aliyeandika "riale mia" bila kuongeza "kwa hesabu ya rupia" alikuwa akiacha mlango wazi. Wengi waliandika hivyo.

Pesa, yaani sarafu ya shaba, ilikuwa na matatizo yake. Sultani Barghash alitoa pesa zake zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria (1882), kwa ukubwa wa robo ana ya India. Kampuni ya Waingereza ya Mombasa ikatoa zake 1888, na Kampuni ya Wajerumani ikatoa zake 1890. Shaba haina thamani kubwa yenyewe, kwa hiyo idadi ya pesa kwa riale ilifuata wingi wake sokoni. Shehena mpya ikishuka Forodhani, riale ilinunua pesa nyingi zaidi. Zikihamia mrima, yaani pwani iliyo mkabala na Unguja, na bara, ilinunua chache. Mvunja fedha, aliyekaa na mafungu ya shaba mbele yake, aliishi kwa tofauti hiyo, na maskini ndiye aliyeilipa, maana kibarua alilipwa kwa sarafu kubwa na akanunua muhogo kwa ndogo.

Mabaki ya riale tunayo hadi leo vinywani. Themuni, au sumni, ni sehemu ya nane. Kwa nini Watanzania wakaiita senti 50 sumni, wakati ni nusu ya shilingi? Katika Afrika Mashariki ya Waingereza upande wa bara, rupia iligeuzwa florini mwaka 1920, na florini moja ni shilingi mbili. Riale ya rupia mbili na kitu inaangukia kwenye shilingi nne, na sehemu ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Hesabu inakubali, na jina limeishi kuliko sarafu.

Kibaba cha tele na kibaba cha mfuto

Vipimo vya uzito vilianza na sarafu hiyohiyo. Wakia moja ni uzito wa riale moja. Wakia 16 ni ratili, ratili 3 ni mane, mane 12 ni frasila. Ukipiga hesabu, frasila ina wakia 576, na riale 576 zina kilo 16.2. Wazungu waliihesabu frasila kuwa ratili 35 za Kiingereza, karibu kilo 15.9. Ule uzuri wa mfumo ni kwamba mwenye riale mkononi ana jiwe la mizani. Ubaya wake ni kwamba riale zilizosagika hupunguza jiwe, na anayenunua karafuu kwa mawe mazito akauza kwa mepesi hahitaji kudanganya bei.

Nafaka haikupimwa kwa uzito. Ilipimwa kwa kibaba, na vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kibaba cha mchele kilikuwa kama gramu 680, na pishi kama kilo 2.7. Kibaba kimoja ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku, kwa hiyo mtu aliyejua kupika alikuwa na kipimo kichwani kabla hajafika dukani.

Sasa, kibaba kikijazwa hadi kilima kikasimama juu, hicho ni cha tele. Kikipitishwa kijiti ukingoni kilima kikaanguka, ni cha mfuto. Methali inatuambia haba na haba hujaza kibaba, ila haisemi kipi, na kwenye duka hilo ndilo swali. Mfanyabiashara aliyenunua kwa wakulima kwa tele na kuwauzia watu wa mjini kwa mfuto alipata faida bila kubadili namba hata moja. Tuseme kilima kinaongeza robo juu ya mfuto: vibaba 100 alivyonunua vinakuwa 125 vya kuuza. Bei ya kununua na ya kuuza inaweza kuwa ileile na bado akajenga nyumba ya mawe.

Kuna mengine madogo ambayo mnunuzi mzoefu aliyatazama. Mchele uliomwagwa polepole kutoka juu huacha nafasi kati ya punje. Ukitikisa kibaba, unashuka na nafasi ya kiganja inaonekana. Kwa hiyo muuzaji humimina, mnunuzi hutikisa, na mabishano huanzia hapo. Unga husimama kilima kirefu kuliko mtama, basi tele ya unga ni nyingi zaidi. Samli, asali na mafuta ya nazi hayasimami kilima, ni mfuto daima, na ujanja wake unahamia chini: kitako cha kipimo kilichobonyezwa kwa ndani hula ujazo pasipo jicho kuona. Mnunuzi mwenye akili hupitisha kidole ndani ya kibaba kabla ya kuagiza. Si utovu wa adabu.

Mkono wa nani?

Nguo ilikuwa karibu fedha ya pili, hasa kwa safari za bara, na yenyewe ilipimwa kwa mwili, kwa mkono, yaani dhiraa. Kuna dhiraa kamili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu sentimita 45. Kuna dhiraa ya konde, kutoka kiwiko hadi vifundo vya ngumi iliyofumbwa, ambayo ni fupi kwa upana wa kiganja. Mikono 2 ni wari, mikono 4 ni shuka moja au pima moja, shuka 2 ni doti. Doti ya mikono minane kwa dhiraa kamili ni mita 3.6. Kwa konde haifiki mita 3. Mwenye duka mrefu alimtuma kijana mfupi kupima, na hilo kila mtu alilijua. Mnunuzi naye angeweza kumleta shemeji yake mrefu. Kwa watu wa misafara ilikuwa kazi ya kweli: jora zima lilifunguliwa, likapimwa upya, likakunjwa tena kwa doti kabla ya kufungwa mzigo, kwani upungufu ukigunduliwa Tabora hakuna wa kumlalamikia.

Merikani, ile nguo nyeupe isiyopaushwa, ilipata jina kwa kuwa ilitoka Marekani, hasa viwanda vya Massachusetts kupitia bandari ya Salem, kufuatia mkataba wa 1833 na Sayyid Said. Vita vya ndani vya Marekani vya 1861–65 vilikata pamba, na vitambaa vya Manchester na Bombay vikaingia kwenye nafasi hiyo vikiwa na jina lilelile. Tofauti iko majini. Vitambaa vingi vya bei nafuu vilishibishwa wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito. Baada ya kufuliwa mara moja hubaki kama chandarua. Jaribio lake ni kusugua pembe kwa vidole viwili kwa nguvu. Ukiona vumbi jeupe na kitambaa kimelegea, ondoka.

Kanga ni jambo jingine kabisa, maana hapo biashara na burudani zinashikana. Inasimuliwa kuwa ilianza kwa wanawake kununua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, wakashona tatu juu ya tatu kupata vazi moja. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Baadaye zikaja zilizochapwa nzima, kutoka Uholanzi na Uingereza miongoni mwa nchi nyingine, na maandishi yake ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Inauzwa kwa doti, na doti ya kanga ni vipande viwili: kimoja kiunoni, kimoja kichwani au mabegani. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Aprili 1897, mwanamke aliyekuwa amevaa kaniki au merikani ya mtumwa alijifunga kanga, na kila aliyemwona njiani alielewa maana yake.

Kwa muuzaji, kanga ilikuwa mali ya hatari. Mtindo ulibadilika haraka mno. Mchoro ulioagizwa kwa barua, ukasubiri kuchongwa, kuchapwa na kusafirishwa kupitia Suez, ungeweza kufika ukakuta wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wameshahamia kwenye rangi nyingine. Merikani hailali dukani, kanga hulala.

Upepo, mwezi na meli

Bei zilipumua pamoja na upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi ya Arabuni, Ghuba na India: tende, samli, chumvi, papa mkavu, mazulia. Mji ulijaa mabaharia, kodi za vyumba vya mtaa wa Malindi zikapanda, na tende zikashuka bei kwa kuwa kila nahodha alizileta. Kusi ilipoanza kuvuma, kuanzia Aprili, majahazi yaliondoka na boriti za mikoko, nazi na karafuu. Aliyetaka tende rahisi alinunua Februari akahifadhi. Aliyesubiri mfungo bila kuangalia upepo alilipa zaidi, kwa sababu Ramadhani huzunguka mwaka mzima na upepo hauzunguki nayo.

Na hapa kalenda tatu zinagongana. Deni na dini vilifuata miezi ya mwandamo, yenye siku 354 au 355 kwa mwaka. Mabaharia na wakulima walifuata Nairuzi, Siku ya Mwaka, wakihesabu miongo ya siku kumi kumi, 36, na siku tano za ziada. Kwa kuwa hakuna mwaka mrefu, Nairuzi husogea siku moja kila miaka minne ukilinganisha na kalenda ya Kizungu, na meli za barua pamoja na ofisi za serikali zilifuata hiyo ya Kizungu. Mkopo wa mwaka mmoja wa mwandamo huwahi kwa siku kumi na moja kabla ya mwaka wa jua, na kwa mwenye shamba anayengoja karafuu ikauke, siku kumi na moja ni nyingi. Ongeza kwamba siku ya Kiswahili huanza jua linapozama. "Usiku wa Ijumaa" kwa mwenyeji ni ule ambao karani wa Kiingereza ameuandika Alhamisi.

Karafuu yenyewe ilikuwa benki ya mji. Huchumwa kikonyo kwa kikonyo, ikachambuliwa, makonyo yakatengwa na kuuzwa peke yake, kisha ikaanikwa juu ya mikeka kwa siku nne hadi saba. Hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito. Mvua ikiipata haijakauka, au ikirundikwa usiku ikiwa na joto, huchacha na kuwa mpeta: imenywea, haina mafuta, bei yake ni ya kusikitisha. Iliyozidi unyevu kwa makusudi, ili ipige mizani, ilitambuliwa kwa kuvunja: karafuu kavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda.

Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, na riba ni haramu. Njia iliyotumika ni bei khiyari: anamuuzia tajiri shamba kwa, mathalani, riale 500, akiwa na hiari ya kulirudisha ndani ya muda uliowekwa kwa kulipa hizo 500. Wakati huo anabaki shambani kama mpangaji, akilipa kodi kila mwaka. Kwa jina ni mauzo na kodi. Kwa mfuko ni mkopo na faida. Muda ukipita bila malipo, shamba limekwenda, na hapo ndipo swali la riale ya daftari na riale ya mkononi lilipokuwa na makali kuliko dukani.

Furaha na gharama zake

Burudani ya kila siku ilikuwa ya bei ndogo. Muuza kahawa alipita jioni na dele lake juu ya jiko la makaa, akigonganisha vikombe viwili kiganjani ili asikike kabla hajaonekana. Kahawa ilikuwa chungu, na utamu ulikuja kwa kashata pembeni. Barazani watu walicheza bao. Wazungu walikuwa na kriketi na tenisi Mnazi Mmoja, na bendi ya Sultani, ambayo wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa, ilisikika hadi kwenye vichochoro. Taarabu ilikuwa bado ya jumba. Mapokeo yanamtaja Mohamed Ibrahim, aliyepelekwa Cairo na Barghash kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Chama cha Ikhwani Safaa kilikuja 1905 na vilabu vya mitaani baadaye, kwa hiyo anayeisimulia Unguja ya 1895 ikijaa taarabu ya wazi anachanganya miongo.

Kilichojaa ni ngoma, na ngoma ilikuwa na mahesabu. Ngoma za mji, kama lelemama ya wanawake, zilikuwa za vyama vyenye viongozi, vyeo, na wapinzani wa mtaa wa pili. Ushindi haukupimwa kwa mguu peke yake. Ulipimwa kwa sare na karamu: nani amevaa doti moja wote, nani amepika wali ukabaki. Wanachama walichanga pesa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kisha kiongozi akaenda kwa mwenye duka kuchukua sare nzima kwa mkopo, akiweka michango ijayo kama dhamana. Mwanachama akijitoa baada ya kupokea doti yake, deni hubaki kwa kiongozi. Kwa hiyo waangalifu walikabidhi kanga usiku wa ngoma wenyewe, si kabla.

Mvua ilikuwa adui wa pili. Ngozi ya ngoma hunyonya unyevu ikalegea, sauti ikawa kama ya kupiga gunia, na dawa yake ni kuiweka karibu na moto wa makuti hadi ikaze. Moto ukizidi, ngozi hupasuka, na ngozi mpya haiwambwi usiku huo. Wapigaji waliojali walikuja na ngoma za akiba, nazo zilikodiwa, zikaongezwa kwenye hesabu.

Kilele kilikuwa Idd, Mnazi Mmoja ikafurika, watoto na sarafu zao za sikukuu, wauza halua na mbembea. Muuzaji wa kanga alikuwa ameagiza kwa tarehe ya Kizungu, meli ilitegemea ratiba, na Idd ilitegemea mwezi kuonekana. Ukiandama siku ya ishirini na tisa, wateja wapo dukani kesho alfajiri. Meli ikichelewa siku mbili nyuma ya mwezi, marobota yanafunguliwa Forodhani wakati sare zimekwisha kuchezewa, na doti zile hupunguzwa bei, hufungwa tena, na kupelekwa mrima, ambako mchoro wa Unguja wa mwezi uliopita bado ni mpya.